Kalunguyeye Tuliyemwamsha

Liko kosa moja tulilolitenda kwa moyo mwema, na mpaka leo hatujalisahau. Tulimwua mnyama mdogo kwa kumpa joto. Leo twataka kuwasimulia kosa hilo, na tena kueleza yale tuliyojifunza baadaye. Maana ndani yake mna ajabu kubwa ya kazi za Muumba, na funzo lake lawafaa wote wanaopenda kusaidia wengine.

Wakati ule tulikuwa mafratri watatu kutoka Kivu, tuliotumwa Ubeljiji kwa masomo. Sisi wenyewe tuliteswa sana na baridi. Kwetu milimani twaijua baridi ya usiku na ya alfajiri, lakini jua likipanda twavua makoti. Kule Ulaya, mwezi wa kumi na mbili, jua ni kama taa iliyoishiwa mafuta: laonekana, lakini halipashi kitu.

Basi siku chache kabla ya Noeli tulipewa kazi ya kuondoa majani makavu nyuma ya bustani. Tulipolifunua lundo moja kubwa, tukakuta ndani yake kitu cha mviringo, kimejaa miiba, kikubwa kama ngumi mbili. Alikuwa kalunguyeye. Si nungunungu yule wa porini mwenye miiba mirefu. Huyu ni mdogo, miiba yake ni mifupi kama ya brashi, na chakula chake ni wadudu, minyoo na konokono.

Tulimgusa: baridi kama jiwe la mtoni. Tukamtega sikio: hapumui. Mmoja wetu akasema, «Amekufa.» Mwingine akasema, «Ngoja kwanza.» Tukangoja. Baada ya muda mrefu ubavu wake ukainuka kidogo, mara chache tu, kisha ukatulia tena. Hapo huruma ikatushika. Tukaambiana, «Maskini, baridi yamwua, kama itakavyotuua sisi.» Tukamfunga katika shali, tukamshusha chini ya nyumba, katika chumba cha mtambo wa kupashia nyumba joto. Tukamwekea sanduku lenye vitambaa. Tukampima kwa mizani ya jikoni: gramu 620. Hatukumwambia mtu.

Jioni ile akaanza kutetemeka. Akatetemeka saa nzima na zaidi, kisha akakunjuka, akasimama, akatembea. Tulifurahi kama watu waliomwona Lazaro akitoka kaburini. Tukampa maziwa na mkate. Kumbe maziwa ya ng'ombe hayamfai, tumbo lake likaharibika. Siku ya pili akajikunja tena, akawa baridi tena, lakini si baridi kama mwanzo. Siku ya tano akaamka. Akalala tena. Akaamka tena. Kila alipoamka tuliandika alama ya chaki ukutani, tukashukuru, maana tulidhani kila kuamka ni ushindi juu ya kifo.

Lakini mizani haikufurahi pamoja nasi. Gramu 620 zikawa 560, zikawa 500, zikawa 430. Chakula alikigusa kidogo tu. Katika siku za kwanza za mwezi wa pili tulishuka asubuhi baada ya Misa, tukamkuta amelala ubavu, miguu imenyooka. Hakuamka tena. Ukutani palikuwa na alama nyingi za chaki.

Ndipo tulipokwenda kuungama kosa letu kwa mtawa mmoja mzee, mtunza bustani, aliyeishi katika nyumba ile. Hakutugombeza. Alimshika yule mnyama mkononi mwake, akapima uzito wake kwa kiganja, akasema: «Wanangu, mlimwamsha mara nyingi mno. Kila kuamka ni kulipa, na mfuko wake ulikuwa mmoja tu.»

Maneno hayo hatukuyaelewa vizuri siku ile. Tulikwenda katika vitabu kuyatafuta, na tangu wakati ule hatujaacha kuyatafuta. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mnyama mwenye damu ya joto ni kama nyumba yenye moto usiozimwa. Moto huo wataka kuni kila siku, na kuni zake ni chakula. Tena mnyama mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa. Kila mama ajua kwamba sufuria ndogo ya maji hupoa kabla ya sufuria kubwa. Sasa kalunguyeye wa Ulaya afanyeje wakati wa baridi, wadudu wametoweka na minyoo imezama chini ya ardhi? Hana mabawa ya kuhamia nchi za joto kama mbayuwayu. Basi Mungu alimpa njia nyingine: kupunguza moto.

Mwishoni mwa majira ya joto yeye hula mpaka anenepe. Kisha hujitengenezea kiota cha majani, hujikunja, na moto wake hushuka. Moyo uliokuwa ukipiga mara 190 hivi kwa dakika hupiga mara 20 tu. Pumzi huja mara chache, halafu husimama kwa dakika nyingi. Joto la mwili hushuka mpaka karibu na baridi ya kiota chenyewe. Twaweza kuuita usingizi wa baridi, lakini si usingizi kama wetu, wala si mauti. Ni kama makaa ya mbabula yaliyofunikwa kwa majivu: ukitazama waona majivu tu, lakini chini moto ungaliko.

Mambo ya digri ndiyo tuliyoyakosa sisi. Tulidhani kwamba baridi ni adui na joto ni rafiki, basi. Kumbe kwa kalunguyeye aliyelala kuna kipimo chema, nacho ni karibu digri 4. Katika digri hizo mafuta yake huliwa polepole kuliko wakati wowote. Joto likizidi hapo, moto wa mwili huongezeka wenyewe. Joto la mwili likipanda kwa digri 10, kazi zake zaweza kwenda kasi mara mbili, hata mara tatu. Hapo vipindi vya usingizi huwa vifupi, na mnyama huamka mara kwa mara. Lakini baridi nayo ikizidi, ikakaribia kugandisha maji, mwili hauwezi kukubali kuwa barafu. Lazima uwashe moto kidogo ili usigande, na mafuta huliwa upesi tena. Juu ya kipimo kuna hasara, na chini ya kipimo kuna hasara.

Chumba chetu cha mtambo kilikuwa na digri 14 hivi. Hazikutosha kumfanya akeshe, ale na kuishi kama wakati wa joto. Tena zilizidi mno kumwacha alale. Tulimtoa katika digri zilizomfaa yeye, tukamweka katika digri zilizotufaa sisi.

Na kule kuamka je? Hili ndilo jambo la kushangaza zaidi. Hata pasipo mtu kumsumbua, mnyama wa namna hii halali moja kwa moja mpaka majira mapya. Kalunguyeye akiwa katika kiota chake huamka kila baada ya wiki moja au mbili, hukaa macho kwa muda, kisha hushuka tena katika baridi yake. Kujipasha joto humchukua saa kadhaa. Kwanza hutumia mafuta ya namna ya pekee, yenye rangi ya kahawia, yaliyo shingoni na kati ya mabega. Mafuta hayo kazi yake ni kuwaka tu na kutoa joto. Konrad Gessner, mtaalamu wa Uswisi, aliyaandika mwaka 1551 alipompasua mnyama mmoja wa milimani alalaye wakati wa baridi. Hata watoto wetu wachanga wanayo mgongoni kati ya mabega, maana mtoto mchanga hajui bado kutetemeka vema. Baada ya mafuta hayo, misuli huanza kutetemeka, na mwili wote hupata joto.

Kazi hii ni ya gharama kubwa. Mama anayewasha mbabula mara tano kwa siku humaliza makaa kuliko yule anayeuwasha mara moja na kuutunza. Huko Kanada walipimwa kindi wa ardhini, wale wanaochimba mashimo na kulala humo miezi mingi. Ikaonekana kwamba zaidi ya sehemu 8 katika 10 za akiba yao ya wakati wa baridi hutumika kwa ajili ya kuamka, ingawa saa za kuamka ni chache sana kuliko saa za kulala. Hapo tukaelewa alama zetu za chaki. Kila alama tuliyoishukuru ilikuwa hesabu ya mali iliyopotea.

Mtu atauliza: ikiwa kuamka ni ghali namna hii, kwa nini mnyama asilale moja kwa moja? Wataalamu wameleta majibu zaidi ya moja. Mwaka 1991 Serge Daan, Brian Barnes na Arjen Strijkstra waliandika juu ya kindi hao wa ardhini. Waliona kwamba mnyama akisha kupata joto, hulala usingizi wa kweli, mzito, kama mtu aliyekesha siku nyingi. Maana ubongo ulio baridi mno hauwezi kupumzika kama inavyotakiwa. Basi, wasomaji, mnyama huyu huamka ili apate kulala!

Jibu jingine lilitoka Marekani mwaka 2002. Kindi waliolala walitiwa mwilini vitu vitokanavyo na vijidudu vya magonjwa. Walipokuwa baridi hawakuonyesha homa yo yote. Lakini kipindi cha kuamka kilipofika, homa ikatokea, wakakaa macho muda mrefu kuliko kawaida. Yaani wakati wa baridi askari wa mwili nao wamelala, na ni lazima waamshwe mara kwa mara waizunguke nyumba. Kuamka huko ni kama zamu ya mlinzi wa usiku. Ni ghali, lakini mwenye nyumba asiyeweka mlinzi ataibiwa.

Wapo wanaolipa bei hiyo katika baridi isiyo na huruma hata kidogo. Alaska, upande wa kaskazini ya mbali ya dunia, yupo kindi wa ardhini ambaye shimo lake huzungukwa na udongo ulioganda. Mwaka 1989 Brian Barnes, wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, alitangaza kwamba joto la mwili wa kindi huyo hushuka mpaka digri 2.9 chini ya sifuri, na damu yake haigandi. Hata hivyo, kila baada ya wiki mbili au tatu yeye naye hujiwasha moto, hupanda mpaka karibu digri 37 kama zetu, hukaa hivyo kwa muda usiofika siku nzima, kisha hushuka tena chini ya sifuri. Nje bado ni giza na theluji. Hakuna jua lililomwita. Amejiita mwenyewe.

Lakini mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya nchi za theluji tu. Miaka baada ya kurudi Kivu tulisoma habari iliyotufanya tuyafikiri yote upya, na habari hiyo yatoka Madagaska, upande wetu wa dunia. Huko yupo lemuri mdogo, jamaa wa mbali wa komba tunayemsikia akilia usiku. Wakati wa mvua hula matunda mpaka uzito wake uwe karibu mara mbili, na mafuta yake huyaweka mkiani. Mkia huvimba kama soseji. Kiangazi kikija, msitu ukikauka na chakula kikikosekana, huingia katika tundu la mti, hulala miezi kama 7.

Mama mmoja mtaalamu wa Ujerumani, Kathrin Dausmann, pamoja na wenzake, waliwapima lemuri hao katika msitu wa Kirindy, magharibi ya kisiwa kile, na mwaka 2004 wakatangaza waliyoyaona katika jarida la Nature. Lemuri aliyelala katika mti wenye ukuta mwembamba hupoa usiku pamoja na mti, na mchana jua likipiga hupata joto pamoja na mti. Mwili wake hupanda na kushuka kila siku, wakati mwingine kwa digri karibu 20, naye hafanyi kazi yo yote. Huyo, mwili wake ukipita digri 30 mchana, hana haja ya kujiamsha. Jua limemlipia deni. Lakini mwenzake, wa jamii ile ile, katika msitu ule ule, aliyelala katika mti mnene ambamo joto la nje haliingii upesi, hukaa katika hali moja bila kufika digri hizo. Yeye lazima ajiwashe moto mara kwa mara kwa mafuta ya mkia wake, kama kalunguyeye wa Ulaya na kindi wa Alaska.

Tulipoyasoma hayo tulinyamaza kitambo. Kumbe si mnyama peke yake aamuaye kuamka au kutoamka. Ni mnyama pamoja na chumba chake. Unene wa ukuta wa mti waweza kubadili maisha ya miezi saba. Joto lile lile lililomwua kalunguyeye wetu ndilo linalomwokolea lemuri akiba yake, kwa sababu kwa lemuri lapanda vya kutosha, nalo laja na kwenda kwa saa zake. Joto letu lilikuwa nusu-nusu, usiku na mchana. Halikuwa jua wala baridi.

Na tusidhani kwamba ni mambo ya kufurahisha tu. Mwanzoni mwa mwaka 2006, katika pango moja la jimbo la New York, huko Marekani, walionekana popo waliolala wakiwa na ukungu mweupe puani. Ukungu huo wapenda baridi, nao huota juu ya ngozi ya popo wakati mwili wake umepoa na askari wake wamelala. Popo mgonjwa huamka mara nyingi kuliko ilivyompasa. Kila mara huteketeza mafuta. Akiba humalizika kabla wadudu hawajatokea tena, naye hufa kwa njaa katikati ya baridi. Mamilioni ya popo wamekufa hivyo, nao walikuwa wakila wadudu wengi wa mashamba. Mtu aingiaye pangoni wakati huo na taa na kelele, hata kama hana nia mbaya, naye aweza kuwaamsha. Sisi twajua jambo hilo lafananaje.

Wasomaji, kosa letu halikuwa kukosa huruma. Huruma tulikuwa nayo tele. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba mahitaji ya mwingine ni sawa na mahitaji yetu. Sisi tuliona baridi, basi tukaamua kwamba naye ateswa na baridi. Hatukuuliza. Na mtu wa kuuliza alikuwepo, yule mtawa mzee, hatua mia moja tu kutoka chumba kile.

Mara nyingi twalikumbuka jambo hili tuendapo kutembelea wagonjwa. Twawaona ndugu na marafiki wakifika kitandani mmoja mmoja, na kila mmoja kumgusa mgonjwa bega ili ajue kwamba amekuja. Mgonjwa hufungua macho, hujikaza, husalimu, huuliza habari za watoto. Wote huondoka na furaha: ameamka, ametutambua! Hatusemi watu waache kuwatembelea wagonjwa, maana Bwana wetu ametuagiza kazi hiyo. Twasema tu kwamba mara nyingine upendo ni kuketi kimya kando ya kitanda, kumwuliza mwuguzi kwanza, na kumwacha ndugu yako alale.

Tumalize hadithi yetu. Vuli iliyofuata, mwezi wa kumi, yule mtawa mzee alituita bustanini. Akatuonyesha pa kukusanya majani: chini ya kichaka kinene, mahali ambapo upepo haupenyi, lakini pia jua la mchana halifiki. Tulimwuliza kwa nini asichague upande wenye jua, akatujibu kwamba siku moja ya jua katikati ya baridi humwamsha mnyama bure. Tukakusanya lundo refu kufika magotini, tukaliacha. Wakati wote wa baridi tulipita kando yake tukienda kanisani, na ilikuwa vigumu kwetu kutolifunua hata mara moja.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, jioni moja baada ya mvua, tulikuwa tumesimama mlangoni. Majani yakatikisika. Akatoka kalunguyeye mmoja, amekonda, miiba yake imejaa takataka, akanusa hewa, akaanza kutafuta minyoo kando ya njia. Hatukumgusa. Yule mtawa mzee alivua kofia yake, nasi tukasimama kimya mpaka mnyama alipopotea chini ya ukuta.